Kigezo cha Sitini na Nne

Palikuwa na nchi, na ilikuwa nchi kwelikweli: ina bendera, ina wimbo, ina foleni. Jina lake halitajwi hapa, wala si kwa woga. Ni kwamba mwaka ule wa tathmini jina hilo lilichukuliwa likapimwe ubora, na mpaka leo halijarudishwa. Wananchi wake wakiulizwa wanatoka wapi hujibu, "Kwetu," na mpakani wanaeleweka.

Katika nchi hiyo kila kitu kilipewa nyota. Daraja lilipewa nyota kabla ya kujengwa, na likishapata nyota haikuonekana tena sababu ya kulijenga. Hospitali zilipewa nyota kwa hesabu ya wagonjwa wasiolalamika, na mochwari ikashika nafasi ya kwanza kitaifa miaka minne mfululizo. Wakubwa peke yao ndio hawakupewa nyota, maana wao walikuwa mbingu yenyewe.

Sasa, kwenye mtaa mmoja ulioitwa Mwisho wa Lami, aliishi mzee mmoja mpika uji, jina lake Machumu. Mtaa uliitwa hivyo kwa sababu barabara iliyokuwa iwafikie wote ilifika kwenye geti la Madam Eutropia, mdogo wake mke wa Waziri, hapo ikachoka. Mafundi wakaondoka wameacha nusu pipa la lami mtaroni. Mke wake Machumu, Bi Sikitu, akalivingirisha lile pipa mpaka nyumbani, akachovya ufagio uliokatika, na kwenye ukuta wa banda lake akaandika kwa herufi zenye tumbo: KWA BI SIKITU. WATOTO WOTE KARIBUNI. Hivyo ndivyo chekechea ya mtaa ilivyozaliwa. Akina mama walishika zamu ya kulinda, Bi Sikitu alifundisha, Machumu alipika uji. Serikali haikuwa na habari, na kwa sababu hiyo mambo yalikwenda vizuri.

Bi Sikitu hakuwa na shule kubwa, lakini alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja hata siku ya mvua. Asubuhi watoto walikaa duara kwenye mkeka, kila mmoja na kikombe chake kimefudikizwa mbele yake. Mmoja anamgeukia mwenzake: "Umeamkaje?" Na huyo lazima aseme kweli. "Nimeamka na hasira." Wote wanadakia: "Kisa?" "Dada kavaa kandambili zangu." Duara linaendelea, na yeyote aliye karibu naye huulizwa, hata mama wa zamu, hata mpita njia aliyekuja kuomba kiberiti. Vikombe havigeuzwi mpaka wa mwisho ajibu. Kisha watoto wenyewe wanaamua nani kaamka vibaya kuliko wote, na huyo ndiye hupewa ukoko wa uji, ule unaoganda chini ya sufuria, sukari yote imekimbilia huko.

Basi Bi Sikitu akaugua. Alifia katika hospitali ya nyota nne, bila kulalamika, na hospitali ikapata ya tano.

Tangu hapo Machumu alibaki na sufuria, mwiko na wivu. Watoto waliendelea kuulizana wenyewe kama walivyofundishwa, ila yeye hawakumwuliza, maana alikuwa jikoni nyuma, kwenye moshi. Zamani mkewe ndiye aliyekuwa akimwuliza, kitandani, kabla jogoo hajawika. Sasa miaka miwili hakuna kiumbe aliyetaka kujua Machumu kaamkaje. Akawa anamwonea wivu kila mwenye wa kumwuliza. Hata mtoto akilamba ukoko, Machumu alimtazama kwa jicho ambalo mtu mzima hapaswi kumtazamia mtoto.

*

Siku ya kwanza ya tathmini alikuja afisa mkadiriaji, kijana wa suti iliyombana, jina lake Ndugu Oswini. Alibeba futi kamba, kipima kelele, na fomu ya vigezo sitini na vinne kutoka Wizara ya Ubora wa Utoto na Mambo Yanayofanana Nayo.

"Shikamoo mzee. Mkuu wa taasisi ni nani?"

"Marahaba. Taasisi ndiyo nini?"

"Hii hapa."

"Hii ni Kwa Bi Sikitu, mwanangu."

"Na Bi Sikitu yuko wapi?"

"Makaburini."

Ndugu Oswini akaandika: Mkuu wa taasisi yuko nje ya kituo kikazi.

Akapima upana wa mlango na urefu wa nyasi. Akamwamuru mtoto mmoja atabasamu, akampima kutoka pembe ya mdomo hadi pembe ya mdomo, akatikisa kichwa. Kufika kigezo cha kumi na tisa akatoa saa. Kigezo hicho kilitaka mtoto akishaketi, uji umfikie ndani ya dakika tatu. Dakika tatu zikapita. Kumi zikapita. Watoto walikuwa wamesimama kwenye kisa cha Pendaeli, ambaye mbuzi wao kafa, na Mwamvita, mtoto wa kike wa miaka minne mwenye sauti ya mnada, alitaka kujua mbuzi kafa macho wazi au kafumba.

"Dakika arobaini na saba," alisema Ndugu Oswini. "Hawa wanafanya nini muda wote huu?"

"Wanaulizana wameamkaje."

"Kwa nini wasijaze kwenye fomu?"

"Hawajui kuandika, ndugu yangu. Wana miaka minne."

"Hilo nalo naliweka kwenye udhaifu."

Mwamvita akamgeukia. "Na wewe mwenye suti, umeamkaje?"

"Mtoto asimhoji mkadiriaji," alisema Ndugu Oswini, akaandika na hilo. Siku hiyo watoto walikunywa uji baada ya yeye kuondoka.

Kabla hajaenda, Machumu alichungulia ile fomu kwa jicho moja. "Na hiki cha mwisho kabisa kinasemaje?"

"Cha sitini na nne? Kuwepo kwa watoto. Hicho huwa hatukifikii, muda unaisha."

Baada ya wiki tatu majibu yakaja. Kwa Bi Sikitu imepata ncha moja ya nyota. Si nyota, ncha. Ilikuja ikiwa kipande cha bati ndani ya bahasha, na barua: tathmini zimebaki mbili, na isipopatikana nyota kamili, kituo kitaboreshwa.

Machumu alimfuata Ndugu Oswini mpaka ofisini. "Kuboreshwa ndiyo kufanywaje?"

"Jina linapakwa chokaa, watoto wanagawiwa vituo vyenye nafasi, na wewe unapewa cheti cha shukrani."

"Jina linapakwa chokaa?"

"Nyeupe, mzee. Ya daraja la kwanza."

Machumu alirudi nyumbani akakaa mbele ya ukuta. Kaburi la Sikitu lilikuwa halina hata kibao, serikali ilizuia vibao mpaka vipimwe. Dunia nzima jina lake lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, pale, kwa lami ya kuokota.

*

Ng'ambo ya vumbi, hatua thelathini tu, lami ilipoishia, ndipo kilipokuwa Kituo cha Mfano cha Madam Eutropia. Kilikuwa na nyota sita, kila moja ukubwa wa sinia, zimepangwa juu ya geti, na jua likichomoza zilimulika moja kwa moja jikoni kwa Machumu. Mtu anakoroga uji huku nyota za mwenziwe zinamchoma machoni. Mwenye roho ya malaika angevumilia. Machumu alikuwa na roho ya Machumu.

Akawa anakwenda kusimama kwenye ukuta wao, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba lililouzwa bila yeye kuambiwa. Aliona bembea mpya, bado imefungwa nailoni isichakae. Aliona twiga waliochorwa ukutani wamevaa tai. Choo kilikuwa kisafi hata ungeweza kumwandalia mkwe ugali humo ndani. Na juu ya yote palikuwa na ukimya, ukimya mtamu, ungesikia karatasi ikigeuka. Hakujiuliza kwa nini. Mwenye wivu haulizi maswali, anahesabu tu.

Siku moja Madam Eutropia alitoka, amejifunga mtandio wa rangi ya nyota. "Karibu, mzee wangu. Naona unajifunza."

"Madam, watoto wako mnawafanyaje hata hawapigi kelele?"

"Tunawapenda kwa mpangilio."

"Na hawachafui?"

"Mzee wangu, ubora ni mtazamo. Ukishaanza kutazama watoto wanafanya nini, huwezi tena kutazama ubora."

Machumu hakuelewa, na kwa sababu hakuelewa aliamini kwamba ni elimu. Akarudi kwake kuboresha. Gogo ambalo watoto walilipanda kama farasi akalifunga nailoni. Akachora twiga, akatokea kama mbuzi mwenye msiba. Pendaeli alipomwona alilia, akasema ndiye yule wao. Kisha asubuhi moja Machumu akatoka jikoni na sufuria, akasimama katikati ya duara, akauliza mara moja kwa niaba ya wote: "Mmeamka?"

"Tumeamka!"

"Haya, kunyweni. Dakika ya pili hii."

Hakuna aliyegeuza kikombe.

"Kunyweni, jamani, mtaniletea balaa!"

"Bado hatujaulizana, Babu Uji," alisema Mwamvita.

"Wenzenu wa ng'ambo wanamaliza kwa dakika tatu, kimya, kama watu!"

"Ng'ambo hakuna uji, Babu. Kuna biskuti."

Hakujiuliza Mwamvita kajuaje. Wivu una masikio mawili, lakini yote yako upande mmoja. Alichosikia ni kwamba wenzake wana biskuti.

*

Asubuhi ya tathmini ya pili gari la kipaza sauti lilipita mtaani, kama mara mbili tatu huko nyuma, kabla uji haujachemka. "Wazazi! Wazazi! Chanjo ya matone! Watoto wote wa chekechea wapande basi la njano! Ni agizo!" Basi la njano likapita nyuma yake, akina mama wakapandisha watoto, basi likakata kona. Machumu hakuwa na neno. Matone ni kitu cha heshima.

Ndugu Oswini akafika, akakuta banda tupu na mzee na sufuria. Uso wake ukang'aa. Usafi, alama zote. Ukimya, alama zote. Muda wa kusubiri uji, sifuri, maana hapakuwa na wa kusubiri. Hiyo ilikuwa rekodi ya taifa. Machumu alitazama juu ya mlango. Aliiona nyota. Aliona mpaka msumari atakaoitundikia.

"Tatizo," alisema Ndugu Oswini, "kuna waraka mpya wa Waziri. Kuanzia leo tunaanza na kigezo cha mwisho, na ukianguka hicho, vingine havihesabiwi. Watoto wapo?"

"Wapo kwenye chanjo."

"Hapa pameandikwa 'wapo' na 'hawapo'. Hapajaandikwa 'kwenye chanjo'."

"Lakini mwanangu, juzi walikuwepo thelathini na mmoja ukaandika kelele!"

"Ndiyo. Na leo umerekebisha kelele. Hongera."

Mchana basi lilirudisha watoto. Midomo imejaa unga wa biskuti. Machumu akamwambia Mama Mwamvita, aliyekuja kumchukua binti yake akiwa bado na karai la vitumbua kichwani: "Serikali yetu siku hizi inachanja kwa biskuti."

Mama Mwamvita alitazama pembeni. "Ndiyo dunia, baba."

Jioni hiyo juu ya geti la ng'ambo mafundi walikuwa wanapima nafasi ya nyota ya saba.

*

Nyota ya saba ilipangiwa siku yake, naye Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Sifaeli Matamko, akapangiwa kuitundika. Na kwa kuwa nchi ile ilipenda kubana matumizi ya siku, tathmini ya tatu ya Kwa Bi Sikitu ikawekwa asubuhi hiyohiyo.

Alfajiri gari la kipaza sauti lilipopita, Machumu alikuwa ameshasimama njiani, mwiko mkononi. "Leo msiwapeleke! Nawaombeni! Leo ndiyo ya mwisho!"

"Baba, wamesema asiyempeleka ataandikwa," alisema Mama Mwamvita.

"Ataandikwa wapi?"

"Hawakusema. Ndiyo maana tunaogopa."

Akatazama huku na huku, akasogea karibu. "Na hakuna chanjo, baba. Tangu mwanzo hakuna. Wanavalishwa sare, wanakalishwa pale ng'ambo mpaka wageni waondoke. Tulidhani wewe unajua unanyamaza. Sisi sote tunanyamaza, tukadhani ni zamu yako."

Basi likaondoka.

Machumu alibaki amesimama kwenye vumbi. Hebu mtu afikiri. Miezi yote ile ameonea wivu nyota zilizopatikana kwa watoto wa Sikitu, waliolelewa kwenye mkeka wa Sikitu, wakinywa uji aliokoroga yeye. Alikuwa amejionea wivu mwenyewe, na bado hakupata nafuu.

Ndugu Oswini akaja saa tatu. Mkono mmoja fomu, mwingine ndoo ya chokaa na brashi.

"Umekuja na ndoo kabla ya kupima?" aliuliza Machumu.

"Tunaokoa muda, mzee. Watoto wapo?"

Kabla Machumu hajajibu, vipaza sauti vya ng'ambo vilikohoa. Waziri alikuwa anahutubia. "Mtoto ni nguzo! Na nguzo ni msingi! Na msingi ni paa! Nchi isiyopima watoto wake itajuaje kwamba inao?" Makofi. "Sasa wanetu watakunywa maji ya matunda, kisha wageni tutakula, kama itifaki inavyosema!"

Makofi tena. Halafu, kupitia vipaza sauti vinane vya serikali, mtaa mzima ukasikia sauti ya mnada:

"Umeamkaje?"

"Nimeamka na njaa."

"Kisa?"

Machumu akashika sufuria kwa vitambaa viwili, mwiko umo ndani, akalivuka lile vumbi mpaka akakanyaga lami. Askari wa getini walimfungulia bila kumwuliza. Katika nchi ile sufuria inayoelekea kwa wakubwa haisimamishwi.

Ndani, chini ya hema, watoto thelathini na mmoja walikaa duara kwa sare zilizoshikizwa pini mgongoni. Kipaza sauti kilikuwa katikati yao. Biskuti zilikuwa mbele yao, na vikombe vyote vimefudikizwa.

"Huu ndio ubunifu wetu, Mheshimiwa," alikuwa anasema Madam Eutropia, kicheko kimemkauka. "Tumeubuni wenyewe. Kunyweni basi, wanangu, Mheshimiwa anatazama."

"Bado hatujamaliza," alisema Pendaeli.

Machumu alikuwa na maneno yake tayari. Aliyapanga tangu vumbini: wezi, wanafiki, mnakula nyota za marehemu. Akafungua kinywa.

"Babu Uji!" Mwamvita alimwona. "Umeamkaje?"

Maneno yote yakamponyoka. Watu mia mbili, waziri mmoja, bendi ya shaba, na hakuona hata mmoja. Aliona mtoto anamtazama na anangoja, kikombe kimefudikizwa, na hatakunywa mpaka ajibiwe.

"Nimeamka na wivu," alisema Machumu.

"Kisa?" waliitikia wote thelathini na mmoja.

"Nyota hizo. Na bembea. Na biskuti. Na nyie kukaa huku. Na kila mtu mwenye wa kumwuliza kaamkaje, namwonea wivu. Mimi wangu alikufa. Leo wanalipaka chokaa jina lake."

Watoto wakanyamaza kwa heshima, kama wanavyomnyamazia mwenye kisa kizito. Kisha Mwamvita akanyanyuka, maana sheria ni sheria, akamsogelea aliyebaki.

"Na wewe babu mnene, umeamkaje?"

Waziri akatabasamu upana unaokidhi kigezo. "Taifa limeamka salama, mwanangu, na linasonga mbele."

"Sijauliza taifa."

Msaidizi akamnong'oneza. "Nimeamka vizuri sana," alisema Waziri, "ahsante."

Watoto wakatazamana. "Hajasema," alisema Pendaeli.

Itifaki ilikuwa wazi: wageni hawali kabla ya watoto kunywa. Watoto nao walikuwa na itifaki yao. Jua likapanda. Pilau ikapoa. Mpiga tarumbeta akaketi chini. Madam Eutropia alijaribu kugeuza kikombe kimoja kwa mkono wake, mwenye kikombe akakirudisha. Waziri akajibu mara ya tatu kwamba ameamka na matumaini, mara ya nne na dira. Kila mara Mwamvita akitikisa kichwa, "Bado." Ilipofika saa saba mchana, jasho linamtona kwenye tai, Mheshimiwa Sifaeli Matamko alitazama kikombe kilicho karibu naye, akasema kwa sauti ndogo ambayo kipaza sauti hakikuidondosha hata chembe:

"Nimeamka na hofu."

"Kisa?"

"Nimesikia mwaka huu na mawaziri watapimwa."

Watoto wakainamiana, wakateta. Ilikuwa kesi ngumu, wivu wa Babu Uji ulikuwa na marehemu ndani yake. Lakini huyu mnene midomo ilikuwa inamtetemeka kweli. Mwamvita akasimama na uamuzi. "Hofu imeshinda."

Akachukua mwiko wa Machumu, akakwangua chini ya sufuria ya Machumu, akampa Waziri ukoko wote. Na Waziri akaula wote, akalamba na mwiko. Vikombe vikageuzwa.

Machumu alisimama anatazama. Kuni zake. Sufuria yake. Miaka miwili anangoja kuulizwa, na siku ya kuulizwa, hata kwenye uchungu, mshindi ni mkubwa.

*

Kesho yake likatoka tamko. Swali "umeamkaje" limetambuliwa kuwa ubunifu wa Kituo cha Mfano, na mtu mwingine haruhusiwi kuliuliza bila kibali. Jibu lake kwa wananchi wote ni "vizuri, ahsante". Kituo cha Mfano kikapewa nyota ya saba na ya nane kwa mpigo. Mheshimiwa Matamko alipimwa, akaonekana ana ukweli uliozidi kiwango, akapelekwa ubalozini katika nchi ya mbali ambako jua halichwi, kwa hiyo hakuna kuamka.

Na Kwa Bi Sikitu ikaboreshwa. Ndugu Oswini alipaka chokaa nyeupe, ya daraja la kwanza, akaandika ripoti: jina limefutwa. Mvua ikanyesha mara moja, jua likawaka, na lami ikaanza kupenya, kwanza hudhurungi kama chai, kisha nyeusi. Akarudi, akapaka tena, akaandika tena. Herufi zikatoka tena, zimenenepa. Lami ya barabara haijui waraka. Na gari la kipaza sauti lilipopita na chanjo yake, safari hii milango ya Mwisho wa Lami ilikuwa imekomewa. Kama ni kuandikwa, walisema akina mama, wacha tuandikwe wote, karatasi itawaishia.

Mara ya tatu Ndugu Oswini alikuja asubuhi, akakuta watoto duarani. Machumu naye alikuwa duarani, maana siku hizi hawakuanza mpaka atoke jikoni. Ilikuwa zamu ya Machumu kuuliza, na aliye karibu naye alikuwa kijana mwenye ndoo.

"Umeamkaje?"

Ndugu Oswini alitazama nyuma, kama kuna wa kumsikia. Akaweka ndoo chini. "Vibaya, mzee."

"Kisa?" walidakia.

"Nimeota naandikwa. Nimeandika mara mbili kwamba jina limefutwa, na linasomeka mpaka barabarani."

Machumu alifikiri. "Kwani hao waliokutuma huja kuangalia?"

"Hawaji. Wao husoma tu."

"Basi."

Ndugu Oswini aliketi mkekani. Kisha akatoa fomu, akaiegemeza kwenye goti, na kwenye kigezo cha sitini na nne, huku watoto thelathini na mmoja wakimpumulia shingoni, akaandika: Hakuna watoto. Hakuna jina. Hakuna kituo. Katika nchi ile kisichokuwepo hakipimwi, na mpaka leo hakijapimwa tena.

"Na wewe Babu Uji?" aliuliza Mwamvita.

"Wivu," alisema Machumu. "Ule ule."

Watoto wakateta. Mwamvita akachungulia sufuria, akawatazama wote wawili, mzee na kijana, akasema wamelingana. Akaukata ukoko kwa ncha ya mwiko, akampa kila mmoja cha kwake mkononi. Vikombe vikageuzwa, uji ukamiminwa, Ndugu Oswini akala amefumba macho.

Machumu alikitazama kipande cha mwenzake. Kilikuwa kikubwa kidogo kuliko chake.